Chakula cha Msafiri wa Kikazi

Mtumishi anayetumwa nje ya kituo chake cha kazi hula kwa bei asiyoichagua. Nyumbani ana jiko, ana mchele ulionunuliwa kwa gunia msimu wa mavuno, na ana duka la jirani linalomkopesha hadi mwisho wa mwezi. Akishuka stendi ya mji mwingine hana hata kimoja kati ya hivyo. Chai anainunua, maji anayanunua, na ugali ambao nyumbani ungeshibisha watu watano kutoka sufuria moja anaulipia sahani kwa sahani. Ndiyo sababu mwajiri anayemtuma mtu safari hubeba gharama ya chakula chake. Gharama hiyo haitolewi kwa hisani, na wala si tuzo ya kusafiri. Ni sehemu ya gharama ya kazi yenyewe, kama yalivyo mafuta ya gari na nauli ya basi.

Ugumu unaanza kwenye kiasi. Mtu angekula hata kama asingesafiri, na hapo hoja mbili hutengana. Moja inasema mwajiri alipe sahani yote, kwa kuwa ndiye aliyemtoa mtu kwake. Nyingine inasema alipe tofauti tu kati ya kula nyumbani na kula njiani. Sheria ya kodi ya Ujerumani imejengwa juu ya hoja hii ya pili: inatambua gharama ya ziada ya chakula, na tangu mwaka 2020 imeruhusu euro 28 kwa siku nzima ya saa 24 nje ya nyumbani kwa safari za ndani ya nchi, na euro 14 kwa siku yenye zaidi ya saa nane, au kwa siku ya kuondoka na ya kurudi pale mtu anapolala huko. Afrika Mashariki imeshika hoja ya kwanza, na kwa hali ya huku ndiyo yenye haki zaidi. Mshahara wa mwalimu au muuguzi huwa umeshapangiwa kazi kabla haujaingia benki. Familia iliyobaki nyumbani inaendelea kupika kwenye sufuria ileile, na mtu mmoja kutokuwepo hakupunguzi unga kwa kiasi cha maana. Anachokula njiani ni matumizi mapya tangu tonge la kwanza.

Safari gani, basi, inastahili kulipiwa chakula? Ofisi nyingi hupima kwa kilomita au kwa usiku wa kulala. Uingereza hupima kwa saa. Viwango vya mamlaka yake ya kodi humruhusu mwajiri kulipa bila kukatwa kodi pauni 5 kwa safari ya saa tano au zaidi, pauni 10 kwa saa kumi, na pauni 25 kwa saa 15 endapo safari inavuka saa mbili usiku. Kipimo hicho kina mantiki, maana njaa hufuata saa. Mtu anaweza kwenda mbali akarudi kabla ya mchana, na mwingine akakwama kutwa nzima kwenye foleni ya mji jirani, kituo chake kikiwa bado karibu.

Njia ya Dar es Salaam na Dodoma inalionyesha jambo hili vizuri. Zamani mtu wa Dar es Salaam mwenye kikao cha siku moja Dodoma alihesabu siku tatu: basi la kwenda, siku ya kikao, basi la kurudi, na kulala huko katikati. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, safari ileile ikawa ya chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Sasa mtu huweza kuondoka asubuhi na mapema, akahudhuria kikao, na kurudi usiku. Hajalala popote, lakini amekunywa chai, amekula mchana na amekula usiku nje ya nyumba yake. Utaratibu unaofunga posho na kitanda unamwacha mtu huyu bila kitu, na papo hapo unamshawishi yule anayeweza kurudi siku hiyohiyo atafute sababu ya kulala. Gesti ya usiku mmoja inamgharimu mwajiri mara nyingi zaidi ya sahani tatu za chakula. Kulipa chakula kwa saa, pasipo kuuliza mtu amelala wapi, kunaondoa kishawishi hicho kabisa.

Baada ya kukubali kwamba chakula kitalipwa, kuna njia mbili za kukilipa. Ya kwanza ni kurejesha kile kilichotumika: msafiri analipa, anakusanya risiti, na mwajiri anamrudishia. Ya pili ni posho ya mkupuo: kiasi kilichopangwa kwa siku, ambacho msafiri hatakiwi kukitolea hesabu ya kila sahani. Wahasibu wengi, hasa wa miradi inayofadhiliwa kutoka nje, huipenda njia ya kwanza kwa sababu inaonekana safi. Kila shilingi ina karatasi yake. Kwa tiketi ya ndege na kwa chumba cha hoteli njia hiyo inafaa sana. Kwa chakula cha Afrika Mashariki haifai, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa hapo ndipo watumishi wengi waaminifu huumizwa.

Sehemu kubwa ya chakula kizuri, cha moto na cha bei nafuu katika miji ya Tanzania hupikwa na mama lishe. Wali na maharage, mchicha, kipande cha samaki, na bilauri ya maji hupatikana kwa shilingi elfu mbili au tatu, na huliwa kwenye benchi chini ya mwembe au kando ya karakana. Nchini Kenya kazi hiyohiyo hufanywa na wenye vibanda, kwa githeri, chapati na ndengu. Mama lishe hana mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Mashine hizo zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na hata baada ya kuenea zaidi bado zinamhusu mwenye mauzo makubwa, ambaye si mama mwenye masufuria manne. Ofisi inayodai risiti ya mashine kwa kila mlo inamlazimisha mtumishi aende kwenye hoteli yenye mashine, alipe mara nne au tano ya bei, ili karatasi ipatikane. Matumizi ya fedha ya umma yameongezwa kwa jina la kuilinda.

Asiyetaka kwenda huko hujikuta kwenye njia mbaya zaidi. Vitabu vya risiti visivyo na jina huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, na kuna wenye mikahawa wanaokubali kuandika tarakimu yoyote wanayoambiwa. Mtu aliyekula kihalali kwa shilingi elfu tatu anajikuta anaandika uongo wa elfu kumi ili arudishiwe chochote. Akishauzoea uongo mdogo wa chakula, ule mkubwa wa mafuta haumtishi tena. Ni dhuluma kumfundisha mtu mwaminifu kughushi kwa sababu tu fomu haitambui namna watu wa nchi yake wanavyokula. Nchi zenye risiti kila kona zenyewe hazijibebeshi mzigo huo: mamlaka ya kodi ya Marekani haidai risiti ya gharama ya safari iliyo chini ya dola 75, isipokuwa ya malazi.

Simu imepunguza tatizo kwa kiasi fulani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya Machi 2007, malipo madogo yamehamia kwenye simu, na leo vibanda vingi vina namba ya malipo iliyobandikwa ukutani. Ujumbe wa malipo una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyelipwa, na kuughushi ni kazi ngumu kuliko kuandika kwenye kitabu cha risiti. Ofisi inayoukubali ujumbe huo kama uthibitisho wa mlo imepiga hatua. Hata hivyo Kenya imeanza kukaza kamba upande wa kodi: tangu Januari 2024, matumizi ya biashara yanatakiwa yaungwe mkono na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, ndipo yatambulike katika hesabu za kodi. Kampuni inayotaka kupunguziwa kodi kwa kila sahani ya githeri iliyoliwa na wafanyakazi wake inarudi palepale pa kumtafuta mpishi mwenye mfumo.

Kwa hiyo posho ya mkupuo ndiyo njia inayofaa kwa chakula. Ila nayo, kama inavyolipwa sasa, ina kasoro moja kubwa: chakula na malazi vimefungwa katika kiasi kimoja. Posho ya kujikimu ya serikali ya Tanzania hulipwa hivyo. Mwaka 2022 viwango vyake kwa safari za ndani vilipandishwa, kiwango cha juu kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, na cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Nyongeza hiyo ilikuwa imesubiriwa kwa muda mrefu na ilistahili. Lakini mtu anayepewa kiasi kimoja cha kulala na kula hukigawa mwenyewe, na katika mgawo huo chumba hakina huruma: bei yake imeandikwa mapokezi. Tumbo ndilo linaloombwa lisubiri. Bunge la bajeti linapokaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na gesti zikapandisha bei, kinachopunguzwa ni chakula cha usiku. Wapo wanaolala na chai na andazi ili mlango wa chumba ufungike.

Dawa yake ni kutenganisha. Chumba kilipwe kwa bei yake halisi, kwa risiti, au mwajiri amlipe mwenye gesti moja kwa moja. Chakula kibaki posho ya mkupuo, ndogo, isiyo na risiti, inayojulikana na kila mtu kabla ya safari. Serikali ya Marekani hufanya hivyo kwa watumishi wake: malazi hulipwa kulingana na gharama halisi isiyozidi kikomo, na chakula pamoja na matumizi madogomadogo hulipwa kwa kiwango cha siku. Kwa mwaka wa fedha 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 68, na miji ya ghali ilipanda hadi dola 92. Siku ya kwanza na ya mwisho ya safari mtumishi hulipwa asilimia 75 tu, kwa kuwa inachukuliwa kwamba mlo mmoja amekula kwake. Siku yenye kiwango cha dola 68 inakuwa dola 51. Hakuna anayeulizwa kama alikula wali au mkate.

Kiwango cha chakula kifuate mahali. Hili linasemwa na wengi, lakini mara nyingi hufanywa kwa kugawa nchi katika majiji, manispaa na wilaya, kana kwamba bei ya sahani hupanda kufuatana na hadhi ya mji. Hali halisi haiko hivyo. Kula Morogoro mjini, penye soko kubwa na mashamba jirani, ni rahisi kuliko kula ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambako vyakula husafirishwa kutoka mbali na mtu hana uhuru wa kutafuta mwembe wenye mama lishe chini yake. Unguja ina bei mbili katika mji mmoja: mikahawa ya Mji Mkongwe inayomlenga mtalii, na hoteli za Darajani zinazomlisha mchukuzi na mwenye duka. Msafiri wa kikazi anayelala Mji Mkongwe anaweza kutembea hadi Darajani akala vizuri. Anayelala kwenye hoteli ya ufukweni Nungwi, kwa sababu mkutano umewekwa huko, hana pa kutembea. Aliyechagua ukumbi ndiye aliyechagua bei ya chakula, na haifai mshiriki abebe uchaguzi huo.

Kiwango kisifuate cheo. Hapa ndipo utaratibu wa sasa unapokosea zaidi. Posho za serikali hufuata ngazi ya mshahara, na sekta binafsi imeiga. Mtu anaweza kutetea tofauti katika malazi: mkurugenzi anayepokea wageni anahitaji chumba chenye nafasi. Katika chakula tofauti haina utetezi. Gari la ofisi linapotoka Dodoma kwenda Mwanza, umbali wa karibu kilomita 700, mkurugenzi amekaa nyuma akisoma makabrasha na dereva ameshika usukani tangu alfajiri. Wanasimama Singida wote wawili. Kuku wa kienyeji wa hapo ana bei moja, naye muuzaji haulizi nani ana ngazi gani ya mshahara. Mwenye posho kubwa anaagiza kuku. Dereva anaagiza chai na chapati, anasema hana njaa, na kurudi kwenye gari. Kati ya watu hao wawili, anayehitaji kula sawasawa kwa ajili ya usalama wa wote ni yule ambaye macho yake yako barabarani hadi Nzega, Shinyanga na mbele. Usingizi wa dereva mwenye njaa na uchovu una gharama isiyoandikwa kwenye fomu yoyote ya posho. Kiwango cha dola cha Marekani hakiangalii cheo, na euro 28 za Ujerumani haziangalii cheo. Huku nako inawezekana: kiwango kimoja cha chakula kwa gari zima.

Wapo wakubwa wanaolitatua jambo hili kwa mfuko wao kwa kumwalika dereva mezani. Ni uungwana unaostahili sifa. Lakini haki ya mtu ya kula akiwa kazini isitegemee kama bosi wa safari hiyo ni mkarimu au la.

Chakula kinachotolewa na mwenyeji hupunguzwa kwenye posho, na huo ni utaratibu wa haki ukifanywa kwa kiasi. Gesti nyingi hutoa chai ya asubuhi ndani ya bei ya chumba. Semina za Morogoro na Bagamoyo, miji ambayo ofisi za Dar es Salaam zimezoea kupeleka warsha zao, huwa na chai ya saa nne, chakula cha mchana na pengine chakula cha usiku, vyote vimelipwa na mwandaaji. Anayepokea posho kamili akala na huko amelipwa mara mbili. Ujerumani imeweka hesabu ya makato: chai ya asubuhi ikitolewa hukatwa asilimia 20 ya kiwango cha siku nzima, chakula cha mchana asilimia 40, cha usiku asilimia 40. Kwa euro 28 makato hayo ni euro 5.60 na euro 11.20 mara mbili. Uzuri wake ni kwamba mtu anajua mapema. Kinachokera katika warsha nyingi za huku ni makato yanayotangazwa siku ya mwisho, washiriki wameshapanga foleni ya kusaini, au makato ya mlo ambao ulikuwa kipande cha keki na soda.

Ndani ya sahani yenyewe hakuna haja ya masharti mengi. Posho ikiwa ya mkupuo, anayetaka kula samaki leo na kesho ashindie mihogo yuko huru. Masharti yanahitajika pale tu mwajiri anapolipa kwa ankara. Chakula, maji, chai au kahawa, na soda ni vya safari. Maji ya chupa yasionekane anasa kwa mtu aliye ugenini. Pombe ni ya mnywaji mwenyewe, hata ikiwa imeandikwa kwenye ankara moja na nyama choma, na ni vema iombewe ankara yake tangu mwanzo. Kumkaribisha mteja au mgeni wa ofisi mezani ni gharama ya kweli, ila ni ya fungu lingine. Ikibebwa kwenye posho ya chakula cha msafiri, ama yeye atakula vibaya kesho yake, ama ofisi haitajua kamwe ilitumia kiasi gani kwa ukarimu. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, ambaye hawezi kushindia chipsi na soda kama wenzake, alipiwe kile ambacho mwili wake unahitaji hata kikizidi kiwango, bila kutakiwa kujieleza mbele ya watu.

Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake, na taratibu chache huukumbuka. Unguja, Pemba na miji mingi ya mwambao hoteli za wenyeji hufungwa mchana. Aliyefunga hana chakula cha mchana cha kulipia, lakini ana futari na ana daku, na daku huliwa saa ambazo gesti nyingi hazina mtu jikoni. Asiyefunga naye hulazimika kula kwenye hoteli ya watalii, kwa bei ya watalii. Posho ya siku nzima isiyogawanywa kwa milo inawafaa wote wawili. Ile inayokatwa mlo kwa mlo humwambia aliyefunga kwamba hastahili fedha ya mchana, huku futari yake ikigharimu zaidi ya mchana wa kawaida.

Kisha kuna wanaofikia kwa ndugu. Mwafrika Mashariki akitumwa mji wenye shangazi au kaka, si rahisi aende gesti. Ndugu atauliza amemkosea nini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nao msemo huo watu huutaja huku wakicheka na kumwongezea mgeni ugali. Mwajiri mkali anaweza kusema kwamba aliyelala na kula kwa ndugu hana gharama. Si kweli. Hakuna anayefika kwa shangazi mikono mitupu: kuna sukari, kuna mchele, kuna nyama ya siku ya kwanza, na kuna nauli ya mtoto wa shule asubuhi ya kuondoka. Fedha ya chakula imetumika, ila imepitia mlango mwingine. Ya chumba mwajiri anaweza kuibakiza kwa haki; ya chakula amwachie msafiri.

Hoja zote hizi husimama endapo posho ya chakula inabaki kuwa ya chakula. Mahali pengi imeacha kuwa hivyo. Mwaka 2012 Norad, shirika la maendeleo la Norway, lilichapisha utafiti juu ya posho za safari katika Ethiopia, Malawi na Tanzania, na picha iliyotolewa inafahamika kwa yeyote aliyefanya kazi katika ofisi ya umma: posho zimekuwa nyongeza ya mshahara, safari na semina hutafutwa kwa ajili ya posho, na kazi ya kituoni husubiri. Warsha ya siku mbili hutandazwa ikawa ya nne. Mkutano ambao ungefanyika kwenye ukumbi wa ofisi hupelekwa mji wa jirani ili kila mtu awe safarini. Mwenye zamu ya kusafiri huchaguliwa kwa upendeleo, na anayebaki kituoni akihudumia wagonjwa au wanafunzi ndiye anayepata kidogo. Msafiri mwenyewe hujinyima: analala chumba kibovu, anakula mlo mmoja, ili abakize ada ya mtoto.

Kumlaumu mtumishi huyo peke yake ni kukosa huruma na kukosa ukweli pia. Mshahara usiotosha hutafuta pa kujazia. Lakini fedha inayojazia mshahara kwa njia ya safari haimfikii mwalimu wa shule ya kijijini asiyeitwa kwenye semina yoyote, wala muuguzi wa zahanati ambaye akiondoka hakuna wa kumshikia zamu. Fedha hiyo ikiingizwa kwenye mshahara huwafikia wote, na huhesabiwa kwenye pensheni, jambo ambalo posho haifanyi. Posho ya chakula ingebaki pale inapotakiwa kuwa: kubwa kiasi kwamba hakuna anayelala njaa, na ndogo kiasi kwamba hakuna anayeomba safari kwa sababu yake.

Wakati wa kulipa una uzito sawa na kiasi. Posho inayolipwa mtu akisharudi ni mkopo ambao mtumishi amempa mwajiri wake bila riba, na wanaoumizwa zaidi na mkopo huo ni wa ngazi za chini. Meneja mwenye akiba husubiri mwezi mzima bila shida. Mhudumu aliyekopa shilingi elfu hamsini kwa jirani ili aende kazini hulala na deni, na safari inayofuata huanza la kwanza halijalipwa. Fedha ya chakula itolewe kabla ya gari kuondoka. Ikichelewa kwa sababu za benki au za mfumo, safari isogezwe, isipokuwa ya dharura.

Upande wa kodi, kanuni iliyo wazi ni kwamba fidia ya gharama si mapato. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 huitofautisha na mshahara pale inapokuwa ni kurejesha tu kilichotumika kwa kazi. Kenya iliweka kwa miaka mingi shilingi 2,000 za Kenya kwa siku kama kiasi ambacho mfanyakazi aliye nje ya kituo hahitaji kukithibitisha. Kilichozidi kilitakiwa kiwe na ushahidi, la sivyo kilikatwa kodi. Bei zilipanda, kikomo kikabaki palepale, na mtu aliyelala Kisumu kwa siku moja alikuwa amekivuka kabla ya chakula cha usiku. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilikipandisha hadi shilingi 10,000 kuanzia Julai mosi mwaka huo. Kikomo cha namna hii kinahitaji kupitiwa kila baada ya muda uliopangwa kisheria, pasipo kungoja kelele za wafanyakazi.

Msafiri akisharudi hubaki masurufu, yaani ile fedha aliyopewa mkononi kwa matumizi ya safari ambayo lazima aitolee hesabu. Kanuni za fedha za umma za Kenya za mwaka 2015 zinampa siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni. Ripoti za ukaguzi wa Kenya na za Tanzania hutaja tena na tena masurufu ambayo hayakurejeshwa kwa wakati. Sehemu ya hayo ni wizi. Sehemu nyingine ni watu wanaokwepa dirisha la mhasibu kwa sababu risiti zao za chakula hazikutimia na wanaogopa kukatwa mshahara. Chakula kikiwa ni mkupuo usiotolewa hesabu, masurufu yanabaki ya mafuta, malazi na matengenezo ya gari, vitu ambavyo vina risiti za kweli, na mkaguzi ana kitu cha kukagua. Kiasi kilichobaki kirudishwe kwa mtunza fedha, na mtunza fedha ampe msafiri stakabadhi yenye tarehe na namba ya safari papo hapo, ili mwaka ukiisha na maofisa wakahamishwa, asije akadaiwa tena alichokwisha kukirudisha.